Uliza Tukujibu: Udaktari unalipa lini?

SWALI: Kijana wetu ameitwa kusomea udaktari katika chuo kikuu cha umma. Baba yake anataka kuuza nusu eka yetu ya Lurambi ili alipe karo. Mjomba wake anasema kazi ya madaktari wa Kenya ni kugoma tu, afadhali kijana asomee kompyuta. Je, ni vibaya kutazama pesa katika jambo kama hili?
*Mama wa watoto wanne, Kakamega*

Mama, si vibaya hata kidogo. Shida ni kwamba watu hutazama pesa za mwisho, zile za daktari bingwa mwenye jumba Milimani, wakasahau miaka iliyo katikati. Mashamba huuzwa katika miaka hiyo.

Msiuze chochote kabla ya kuisoma barua ya ufadhili mstari kwa mstari. Mfumo ulioanza mwaka 2023 huigawa gharama mara tatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na sehemu ya familia. Familia hupangwa katika bendi tano. Bendi ya kwanza ilipangiwa kulipa asilimia 5 ya gharama, ya tano asilimia 40. Udaktari ulipangiwa zaidi ya shilingi 600,000 kwa mwaka. Tukichukua 600,000 kamili ili hesabu iwe nyepesi, familia ya bendi ya kwanza ilitoa 30,000 na ya bendi ya tano 240,000. Karo zimeguswa tena tangu wakati huo, kwa hiyo shikeni kiasi kilicho kwenye barua yenu, si cha jirani. Mkiona bendi hailingani na kipato chenu, kateni rufaa mtandaoni mapema. Na fomu ijazwe na nyinyi wenyewe, si mwenye saiba, yaani duka la intaneti, akikisia mapato ya baba.

Karo si yote. Kozi ni miaka 6, na kila mwaka una kodi ya chumba, chakula, nauli, makoti meupe, stethoskopu na vitabu. Akishaanza kuingia wodini, likizo hupungua, kwa hiyo msitegemee vibarua vyake vya Desemba. Anatomia, fiziolojia na baiokemia za miaka ya mwanzo huwakwamisha wanafunzi wengi, na anayerudia mwaka huongeza mwaka mzima wa matumizi. Sisi tungepanga bajeti ya miaka 7.

Baada ya digrii kuna mwaka wa intanship, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, akizungushwa katika magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, kwenye hospitali kama Jaramogi pale Kisumu, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Hapa ndipo familia nyingi hushikwa bila kutarajia. Kutumwa hospitalini hutegemea Wizara ya Afya na bajeti ya mwaka huo, na wahitimu wamewahi kukaa nyumbani miezi mingi wakisubiri. Bila intanship, baraza la madaktari, KMPDC, halimsajili kikamilifu. Asiposajiliwa hawezi kufanya lokamu, yaani kibarua cha udaktari, hata kwenye kliniki ya binamu yake. Ni daktari kijijini, lakini anaomba mamake nauli.

Kuhusu migomo, mjomba hasemi uongo, ila amekata hadithi katikati. Mkataba wa 2017 kati ya serikali na chama cha madaktari uliweka malipo ya daktari wa intanship kuwa 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ilitaka kulipa 70,000. Hiyo ilikuwa sababu mojawapo kubwa ya mgomo wa siku 56, kuanzia 14 Machi hadi 8 Mei. Desemba mwaka huo pande mbili zilikubaliana kurudi kwenye kiwango cha 2017.

Hizo 206,400 nazo si za mfukoni. Tazama pesilipi, ile hati ya mshahara: SHA, bima ya afya, asilimia 2.75, yaani 5,676. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 3,096, NSSF ya akiba ya uzeeni, halafu PAYE, kodi ya mapato, karibu 50,000. Kinachobaki ni zaidi kidogo ya 140,000. Tena sehemu kubwa ya malipo ya daktari ni marupurupu, mshahara wa msingi ni mdogo, na pensheni hupimwa kwa huo wa msingi.

HELB nao hawangoji kijana apate kazi. Mkopo wa riba ya asilimia 4 huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayenyamaza hupigwa faini ya 5,000 kila mwezi. Akiwa bado anasubiri intanship, awaandikie mapema, faini isije ikaanza kujijenga.

Ushauri wetu: mkiwa bendi ya kwanza hadi ya tatu na kijana mwenyewe anapenda biolojia, aende, na shamba likae. Liwe la dharura ya mwaka wa tano, si la karo ya mwaka wa kwanza. Lakini kama amejaza udaktari kwa sababu tu alama zilifika, msikilizeni mjomba. Kompyuta ni miaka 4, na mwanafunzi anaweza kuanza kupata vijisenti akiwa bado chuoni.

SWALI: Nimepata C+ na ninataka KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba. Nisomee uuguzi au utabibu? Naomba mniambie wazi, ipi ina pesa?
*Binti wa Bahati, Nakuru*

Binti, ukiajiriwa na kaunti na diploma, zote mbili kwa kawaida huanzia daraja lile lile la kazi, H. Tofauti iko kwingine.

Muuguzi wa diploma akipita mtihani wa Baraza la Wauguzi anaweza kutafuta kazi. Klinikal ofisa, yaani aliyesomea utabibu, huongeza mwaka wa intanship kwanza. Pia cheti cha muuguzi husafiri: Uingereza humsajili akifaulu mitihani yao na Kiingereza, ambapo kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza, hutakiwa 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Wengi huangukia kwenye kuandika, wakalipia mtihani mara ya pili. Klinikal ofisa hana cheo cha kumpokea huko, na mara nyingi huambiwa aanze kusoma upya.

Nyumbani hapa mizani huweza kugeuka. Klinikal ofisa aliyerudi KMTC baada ya kazi akasomea kutia ganzi au macho hutafutwa sana, kwa sababu chumba cha upasuaji bila mtu wa ganzi kimefungwa. Kwa hiyo kama macho yako yako ng'ambo, chukua uuguzi. Kama unataka kufungua kliniki yako Kiamunyi siku moja, utabibu una njia fupi zaidi.

Maombi ya KMTC hupitia KUCCPS, idara ya serikali inayopanga wanafunzi vyuoni. Anayekuitisha pesa ili "akushikie nafasi" ni tapeli, hata kama amevaa kitambulisho cha chuo.

SWALI: Mimi ni daktari wa kaunti. Nichague ubingwa wa mifupa au wa magonjwa ya akili? Wenzangu wanasema akili haina hela.
*Daktari, Kisumu*

Daktari, hao wenzako wanahesabu bili, hawahesabu gharama. Bingwa wa mifupa hutegemea chumba cha upasuaji, vyuma, mtu wa ganzi na wodi, na bima ikichelewa kulipa hospitali, naye huchelewa. Kazi haitakosekana, bodaboda za Kondele zinatosha. Bingwa wa akili anahitaji chumba tulivu na viti viwili, na wagonjwa wake hurudi kwa miaka.

Kubwa kuliko hilo ni nani analipia ile miaka 4 au 5. Ukijilipia, lokamu za usiku zitakula muda wa kusoma. Kaunti ikikupa likizo ya masomo yenye mshahara, utatia sahihi bondi ya kuitumikia. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, uliza mambo matatu na ujibiwe kwa maandishi: bondi ni ya miaka mingapi, ukiondoka mapema unarudisha karo pekee au na mishahara, na je, ukirudi utapandishwa daraja mara moja au utangoja bodi ya kaunti itangaze nafasi.