Waacheni vijana wa grenda: majibu ya maswali yenu ya chensoo

Korosho zimekwisha kuuzwa, watu wamerudi shambani kupogolea, na maswali ya cheni za chensoo, ule msumeno wa injini, yamejaa. Walioniuliza bei ya mashine nimewaruka. Nendeni dukani.

Cheni mpya, siku mbili tu za kupogolea mikorosho, sasa inatoa unga badala ya maranda. Nimeuziwa feki? (Tandahimba)

Huenda, lakini kabla hujamfuata mwenye duka niambie: matawi yaliyoanguka uliyakatia wapi? Chini mchangani, najua. Mkorosho ni mti laini, hauwezi kuibutua cheni upesi hivyo. Mchanga unaweza, tena kwa mguso mmoja. Tanguliza gogo chini ya tawi ndipo ukate. Kila mwaka nayasema haya na kila mwaka barua hii inarudi, imebadilika wilaya tu. Cheni yako inoe, usiitupe.

Tupa ya kunolea chensoo ni namba ngapi?

Ya cheni ipi? Wangapi mmeniuliza hivi bila kutaja cheni! Soma maandishi kwenye baa, lile bamba refu la chuma linalozungukwa na cheni, karibu na inapoingia kwenye mashine. Cheni ya .325 (hicho ni kipimo cha cheni kwa inchi) inataka tupa ya milimita 4.8. Ile 3/8 nyembamba ya mashine ndogo, milimita 4. Ile 3/8 kubwa, 5.2 au 5.5, kutegemea aliyeitengeneza. Ya .404, ambayo wapasua mbao wenye mashine za Stihl 070 wanaijua, 5.5. Tupa ya panga kaa nayo mbali na meno.

Kijana wa grenda hapa stendi ananinolea kwa dakika tano. Kwa nini unawachukia? (Masasi)

Siwachukii, wanachomelea mageti vizuri. Tazama meno ya cheni yako baada ya hizo dakika tano: ncha zimekuwa za bluu. Hapo chuma kimeungua. Ama kimelainika, kitakuwa butu kabla ya saa sita, ama kimekuwa kigumu kama kioo na tupa itateleza juu yake. Halafu yeye ananoa kwa macho, jino hili fupi, lile refu, na kila akigusa anakula nusu ya uhai wa cheni. Hela unayompa mara chache tu inanunua tupa yako mwenyewe.

Nyumbani fanya hivi. Zima mashine, vaa glavu, bana baa kwenye jiliwa. Huna jiliwa, chanja kisiki uichomeke humo. Jino la kwanza lipake makapeni usije ukazunguka cheni mara mbili. Fuata mstari wa mshazari uliochorwa juu ya jino, kwa cheni nyingi ni nyuzi 30. Tupa ilale sawa, sehemu ya tano ya unene wake itokeze juu ya jino. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, kisha inyanyue unaporudi, maana kuivuta kurudi kunaiua tupa. Misukumo mitatu au minne inatosha jino lisilogonga jiwe. Lililogonga, endelea mpaka ukingo uliomeguka uishe wote, kisha mengine yote yafuate urefu wake. Maliza upande mmoja ndipo ugeukie wa pili.

Inakata upinde, inavuta kulia. (Nachingwea)

Meno ya kulia ni marefu au makali kuliko ya kushoto. Sawazisha. Ikiendelea, kagua kingo za baa, huenda zimelika upande mmoja.

Shikamoo Fundi. Nimenoa vizuri lakini haili, inateleza tu. Jirani anasema nisage vile vinundu vya mbele ya meno viishe. (Liwale)

Marahaba. Jirani huyo anakutakia mabaya. Kinundu ndicho kinachoamua jino lizame kiasi gani. Ni kweli kwamba jino likinolewa mara nyingi linashuka na kinundu kinabaki juu, kwa hiyo kipunguze kwa tupa bapa hadi kiwe chini ya jino kwa takriban milimita 0.65, kisha uiviringe pembe yake ya mbele. Ukikimaliza, jino litang'ata kuliko nguvu za mashine, na ncha ya baa ikigusa tawi mashine itaruka kukurudia usoni. Na ninyi mnaopanda mkorosho na chensoo mkono mmoja, hata cheni iliyonolewa sawasawa haitawaokoa.

Oili chafu ya gari naweza kutumia kwenye cheni?

Ina chembe za chuma. Baa ni yako, amua.

Cheni gani inafaa kwa mpingo? Kuna mmoja nyuma ya shamba langu. (Kilwa)

Nyuma ya shamba lako, yaani msitu wa kijiji? Anza na serikali ya kijiji na watu wa TFS, yaani wakala wa misitu, maana ukikamatwa na gogo la mpingo bila kibali, mashine nayo inakwenda. Ukishakuwa na karatasi mkononi, cheni ni hiyo hiyo. Punguza mshazari hadi nyuzi 25, na chukua tupa mbili.