Kabla ya Kuchagua Chuo, Omba Uone Kazi ya Mwaka wa Pili

Mpwa wangu alinitumia picha mbili usiku, barua mbili za udahili, zote za shahada ya sayansi ya kompyuta. Chini yake swali fupi: "Mjomba, niende wapi?" Nilianza kumjibu nikafuta, nikaanza tena nikafuta. Maoni nilikuwa nayo mengi mno, na karibu yote yalitokana na siku nilipokuwa na barua mbili kama zake, nikaamua kwa muda usiotosha hata kuchagua viatu.

Chuo kimoja kati ya viwili vyangu kilikuwa kikongwe. Ukilitaja jina lake, watu wazima wanatikisa kichwa kwa heshima. Cha pili kilikuwa kidogo, ukikitaja unaulizwa kiko wapi. Baba alisema, "Mtu akipewa nafasi pale haulizi maswali," nami sikuuliza. Rafiki yangu niliyemaliza naye sekondari, alama zetu zikipishana kwa nukta tu, alikosa nafasi kwenye kile kikongwe akaenda kwenye kile kidogo. Nakiri kwamba nilimwonea huruma.

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri kwenye karatasi, na nasema karatasi nikimaanisha karatasi yenyewe, kwa sababu mtihani wa kuandika programu tuliufanya kwa kalamu. Maabarani tulikaa watatu kwa mashine moja. Mwepesi ndiye aliyeshika kibodi, na mimi sikuwa mwepesi. Nilikusanya mitihani ya miaka iliyotangulia, nikakariri programu ishirini hivi, nikapata alama za juu. Programu ya kupanga namba kutoka ndogo hadi kubwa ningeiandika nimefumba macho. Ungeniambia nipange majina badala ya namba, ningetokwa jasho.

Likizo ya mwaka wa pili rafiki yangu alikuja kunitembelea na kompyuta mpakato yenye bawaba iliyovunjika, ameiegemeza kwenye kitabu. Akanionyesha kazi aliyopewa na mhadhiri wake: andika programu inayopokea amri za mtumiaji, ianzishe programu nyingine, isubiri imalize, na iweze kuchukua matokeo ya programu moja na kuyaingiza kwenye nyingine. Lugha ya programu ni C, muda wiki nne, kila mtu peke yake. Kazi ilikuwa imesharudishwa, na pembeni ya mstari mmoja mhadhiri alikuwa ameandika: hapa umesahau kuachilia kumbukumbu, mtumiaji akitoa amri elfu kumi itakuwaje?

Nilisoma lile swali mara mbili na sikulielewa. Baadaye ndipo nilipojua: programu huazima nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na isipoirudisha, nafasi inazidi kupungua. Kazi yangu ya muhula uleule ilikuwa kutengeneza mfumo wa maktaba, wenye ukurasa wa kuingilia, fomu ya kusajili vitabu na jedwali la walioazima. Toleo la wanafunzi wa mwaka uliotangulia lilikuwa linazunguka bwenini. Ukibadilisha rangi na jina la maktaba, umemaliza.

Ndiyo maana jibu nililompa mpwa wangu hatimaye halikuwa jina la chuo. Nilimwambia: andikia idara zote mbili, omba wakutumie kazi moja ambayo wanafunzi wa mwaka wa pili walipewa muhula uliopita. Usiombe kipeperushi wala picha za maabara. Unataka swali lenyewe, kama mwanafunzi alivyolipata.

Kwa nini mwaka wa pili? Wa kwanza hufanana karibu kila mahali: vigeu (majina yanayobeba thamani), masharti, vitanzi (amri zinazorudiwa), na hesabu za kukumbushana. Mwaka wa mwisho nao umejaa masomo ya kuchagua yenye majina ya kuvutia, na jina la somo halikwambii lolote. Linaweza kuwa "akili unde" na ndani yake ni slaidi tupu. Katikati ndipo panapokaa mambo magumu yasiyo na mvuto: miundo ya data na algoriti (hatua za kutatua tatizo), jinsi kompyuta ilivyojengwa ndani, mifumo endeshi (kama Windows), hifadhidata, mitandao. Huko chuo hakiwezi kujificha. Ama wanafunzi wanajenga vitu, ama wanasimuliwa kwamba vipo.

Kazi ikishafika mkononi, huhitaji kujua kuifanya ili uisome. Tazama inachodai. Kazi dhaifu inauliza maana: eleza faida na hasara za kutafuta kwa kugawa nusu (unatazama katikati ya orodha iliyopangwa, unatupa nusu isiyohusika, unarudia). Kazi yenye uhai inakutaka uandike njia mbili za kutafuta, uzijaribu kwenye orodha ya vitu 1,000, kisha 1,000,000, upime muda, uchore grafu, na useme kwa nini mstari mmoja unapanda na mwingine karibu haupandi. Mwanafunzi aliyefanya hivyo hasahau kwamba kutafuta kitu kimoja kimoja kati ya milioni kunaweza kugharimu ulinganishaji milioni nzima, na kwamba orodha ikiwa imepangwa, kugawa nusu kunamaliza kwa takriban hatua 20. Mimi niliijua fomula yake na nikaiandika kwenye mtihani, ila sikuwahi kuiona ikitokea.

Hayo yalinifika kazini. Kulikuwa na ripoti iliyochukua muda mrefu kufunguka hadi watu wakawa wanaianzisha kabla ya kwenda kula. Mwandishi wake alikuwa mimi. Nilikuwa nimeweka kitanzi ndani ya kitanzi, kila rekodi ikilinganishwa na kila rekodi nyingine, na rekodi zilikuwa kama 40,000. Zidisha 40,000 kwa 40,000 upate bilioni moja na milioni mia sita. Mwenzangu aliitazama dakika mbili, akaweka rekodi kwenye jedwali la heshi, linalokupeleka moja kwa moja kwenye rekodi unayoitaka, badala ya orodha, ripoti ikafunguka kabla sijainua kikombe. Aliponiuliza nilisoma wapi, nilitaja jina la chuo changu kwa sauti ya chini.

Hapo nina deni la kusema ukweli mwingine. Lile jina ndilo lililonifanya niitwe kwenye usaili. Rafiki yangu alituma maombi kama yangu mahali palepale na hakuitwa, na nina hakika programu zake zilikuwa bora kuliko zangu. Jina kubwa linafungua mlango wa kwanza, na anayekwambia halina kazi huenda hajawahi kutafuta ajira akiwa hana uzoefu. Ila kwenye usaili wenyewe niliwekwa mbele ya ubao nikaulizwa maswali, na nilichojibu vizuri ni yale niliyoyapata kwa kuomba kazi za rafiki yangu na kuzifanya kimyakimya likizo mbili mfululizo. Yeye aliingia kazini mwaka mmoja baadaye kupitia mafunzo kwa vitendo. Siku hizi ndiye ninayempigia nikikwama.

Mpwa wangu alikuja pia na orodha ya vyuo bora duniani, chuo kimoja kikiwa juu ya kingine kwa nafasi mia na kitu. Nilimwomba asome orodha inahesabu nini. Ile ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, inatoa alama 30 kati ya 100 kwa tuzo za Nobel na medali za Fields (za hisabati) za waliosoma au wanaofundisha hapo, na nyingine 20 kwa makala zilizochapishwa katika majarida ya Nature na Science. Ile ya kampuni ya QS inategemea sana maoni ya wanataaluma kuhusu sifa za vyuo. Hayo yana maana kwa mtu anayekwenda kufanya uzamivu. Lakini sayansi ya kompyuta haina hata Nobel yake (tuzo yake kubwa ni ya Turing, inayotolewa tangu 1966), na hakuna safu ya orodha hizo inayouliza nani atakusahihishia kazi yako ya programu na atairudisha baada ya siku ngapi. Kama utazitumia, tazama angalau orodha ya fani yenyewe, si ya chuo kizima.

Kinachosaidia zaidi ni kujua idara ilizaliwa kutoka wapi. Fani hii ni changa. Nchini Marekani idara ya kwanza ilianzishwa Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1962, na vyuo vingi viliiunda kwa kuichomoa kutoka hisabati, au uhandisi wa umeme, au biashara. Alama ya kuzaliwa haifutiki. Iliyotoka hisabati itakupa uthibitisho na nadharia kwa wingi. Iliyotoka uhandisi itakushusha hadi kwenye saketi. Iliyotoka biashara mara nyingi inaita sayansi ya kompyuta kile ambacho wengine wanakiita mifumo ya habari. Hakuna aibu katika mifumo ya habari, ni shahada nzuri kwa anayeitaka, ila uwe umeitaka. Linganisha mtaala wa kila chuo na mwongozo wa ACM, chama cha wanataaluma wa kompyuta kilichoutoa mara ya kwanza mwaka 1968. Umeandikwa upya mara kadhaa pamoja na IEEE, chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki, toleo jipya likiwa la 2023, na unasomeka bure mtandaoni. Ukikuta mtaala usio na mifumo endeshi wala hisabati ya vitu bainifu (mantiki, seti, grafu) popote, uliza kwa nini.

Lugha ya programu isikusumbue. Nimeona vijana wakikataa chuo kwa sababu kinaanza na C, au kwa sababu kinaanza na Python. Miaka minne ikiisha utakuwa umezipitia tano na kusahau mbili.

Jambo ninalolipima zaidi siku hizi ni jinsi chuo kinavyoshughulika na akili unde katika kazi za wanafunzi, maana ile kazi ya rafiki yangu ya wiki nne, leo roboti ya mazungumzo inaiandika ukiwa unamenya chungwa. Idara nyingine zimepiga marufuku na kufumba macho. Nyingine zinamwita mwanafunzi, zinamkalisha mbele ya programu yake, zinafuta mistari mitatu na kumwambia airudishe huku akieleza. Dakika kumi tu. Ukisikia chuo kinafanya hivyo, kipe alama nyingi, kwa sababu ni ghali kwa walimu na hakuna anayejisumbua hivyo bila kujali. Muulize mwanafunzi aliyepo, siyo ofisi ya udahili: mara ya mwisho ulieleza programu yako kwa mtu lini? Ukiwa hapohapo muulize kazi ikirudi inarudi na maneno au inarudi na namba tupu.

Ada? Ikiwa chuo kimoja kitakuachia deni zito na kingine hakitakuachia, tofauti ya ubora lazima iwe kubwa sana kulipia deni hilo, na mara nyingi si kubwa kiasi hicho. Masomo mazuri ya kompyuta yapo bure mtandaoni tangu chuo cha MIT cha Marekani kilipotangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka ya kwake wazi kwa kila mtu. Unachokilipia chuoni ni mtu wa kukuambia umekosea wapi, na wenzako wa kukesha nao. Hakikisha pia shahada inatambuliwa na mamlaka ya nchi utakayofanyia kazi. Hilo ni la dakika tano, lakini nimemwona mtu aliyeliacha akalijutia.

Na kama tayari uko kwenye chuo kisicho sahihi, kama nilivyokuwa mimi, fanya kazi wanazopewa wanafunzi wa vyuo vingine. Mhadhiri Andrew Tanenbaum alitoa Minix mwaka 1987, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, ili mwanafunzi aweze kuusoma wote na kuuelewa. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alikuwa akiutumia alipoanza kuandika Linux, mfumo endeshi wa kwake, mwaka 1991. Mwalimu alikuwa Amsterdam, mwanafunzi Helsinki.

Turudi kwa mpwa wangu. Nilitarajia, na nadhani nilitamani, hadithi yake iwe kama yangu: chuo kidogo kiwe na kazi nzuri, kile kikubwa kiaibike. Aliandikia idara zote mbili. Kile kidogo kilimjibu siku hiyohiyo kwa ukarimu mkubwa, na kazi waliyomtumia ilikuwa mfumo wa maktaba. Kile kikubwa kilikaa kimya siku tisa, kisha mwalimu msaidizi mmoja akamtumia kurasa nne: andika kigawa-kumbukumbu chako mwenyewe (kipande kinachoziazima programu nafasi ya kumbukumbu), kipime, tueleze kinapoteza nafasi wapi. Chini kulikuwa na sentensi kwamba kila mwanafunzi ataitwa kutetea alichoandika. Mpwa wangu alinipigia akasema, "Mjomba, sielewi hata neno moja humu." Nikamwambia nenda huko.

Yuko mwaka wa pili sasa. Juzi alinipigia saa saba usiku, programu yake inakufa kila akiachilia kumbukumbu kwa mara ya tatu, mara mbili za kwanza haina neno. Nilikaa kitandani, nikawasha taa, nikamwambia anisomee kosa kuanzia mstari wa kwanza, polepole.