Mdogo wangu anakimbia balaa, ila jioni anachechemea

Shikamoo anti! Mdogo wangu yuko fomu tuu hapa Tabora, mita 400 anakimbia pekupeku na hakuna wa kumfikia, ila mwalimu anampanga 100, 400, 1500 na kupokezana vijiti siku hiyohiyo, jioni anachechemea. Baba naye hataki, anasema atafeli. Tufanyeje?
Dada mtu, Tabora

Marahaba mwanangu. Huo mguu kwanza jamani, mpelekeni hospitali ukaangaliwe, na mwalimu aambiwe kwa heshima kwamba 400 na vijiti vinamtosha, hiyo 1500 awaachie wengine maana mazoezi yake ni mengine kabisa. Baba mwambie habari za Sydney McLaughlin wa Marekani, mwaka 2016 alikuwa bado sekondari, ana miaka 16 tu, akakimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 54.15 kwenye mchujo wa taifa lake akaenda Olimpiki ya Rio, halafu akarudi darasani akamaliza shule. Na kwetu Theresia Dismas alileta medali ya fedha ya kurusha mkuki toka Michezo ya Afrika kule Brazzaville 1965, mabinti zetu wanaweza! Raba mtafutie hata za mtumba, ila akivaa kidole gumba kisiguse mbele.