Nimeweka uint8_t, mbona kumbukumbu haijapungua?

SWALI: Programu yangu ya C inatunza rekodi milioni 10 za miamala kwenye safu moja. Kila rekodi ina int hali, uint64_t namba, int aina na uint32_t kiasi, kwa mpangilio huo. Hali na aina hazizidi 20, kwa hiyo nimezifanya uint8_t (namba ya baiti 1). Ajabu, sizeof bado inasema rekodi moja ni baiti 24. Tatizo ni kompaila? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Kompaila haina kosa. Umepunguza ukubwa, mpangilio ukauacha. Kwenye x86-64 (vichakataji vya kawaida vya Intel na AMD), uint64_t huanzia anwani inayogawanyika kwa 8, na uint32_t inayogawanyika kwa 4. Fuatilia baiti zenyewe: hali iko baiti ya 0, baiti ya 1 hadi ya 7 ni tupu ili namba ianzie ya 8. Aina iko ya 16, tatu zinazofuata ni tupu, kisha kiasi kinashika ya 20 hadi ya 23. Yaani baiti 10 kati ya 24 hazibebi kitu.

Anza na kubwa, malizia na ndogo:

struct rekodi {
  uint64_t namba;
  uint32_t kiasi;
  uint8_t hali;
  uint8_t aina;
};

Hapo ni baiti 14, na kompaila inaongeza 2 mwishoni ili namba ya rekodi inayofuata nayo ikae panapofaa. Jumla 16. Safu yako inashuka kutoka MB 240 hadi 160. Chini yake andika _Static_assert(sizeof(struct rekodi) == 16, "ukubwa umebadilika"); ili atakayeongeza sehemu inayokuza ukubwa kesho azuiwe na kompaila. Ukitaka kuona matundu ya miundo mingine, kompaili kwa -g kisha endesha pahole, zana inayoonyesha baiti tupu ndani ya struct.

Kabla ya kubadili, angalia kama rekodi hizi huandikwa kwenye faili moja kwa moja kwa fwrite. Kama ndivyo, faili za zamani zitasomwa vibaya, tena bila onyo lolote.

Utashauriwa utumie __attribute__((packed)), inayoondoa baiti tupu zote, upate 14 kamili. Kwa baiti 2 tu, sioni sababu. Ukichukua anwani ya kiasi na kuipa funksheni nyingine, funksheni hiyo itadhani anwani inagawanyika kwa 4, na huenda sivyo. Hapo, kwenye kichakataji kidogo kama Cortex-M0 cha ARM, programu inaanguka papo hapo.

Wanaotumia Rust hawana kazi hii: kompaila yao huwa huru kupanga sehemu upya, isipokuwa umeandika repr(C), inayodai mpangilio wa C.

SWALI: for (uint8_t i = 0; i < 256; i++) haimaliziki. Kwa nini? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Baada ya 255, i hurudi 0, hivyo 256 haifikiwi kamwe. Kihesabio kimoja kwa kawaida hukaa kwenye rejista (hifadhi ndogo ndani ya kichakataji), kwa hiyo hukuokoa chochote. Tumia int au size_t. Aina ndogo ziweke kwenye safu na miundo inayojirudia maelfu ya mara. Hata huko, jumlisha kwa uangalifu: 200 + 100 ukiihifadhi kwenye uint8_t unapata 44. Kompaila ya GCC hukuonya ukiweka -Wconversion, ambayo haimo ndani ya -Wall. Na usijaze safu kwa uint_fast16_t ukidhani ni baiti 2: kwenye Linux ya x86-64 yenye glibc (maktaba ya C ya GNU), ni 8.