Tovuti Yako Ipigie Hesabu ya Mwaka wa Tatu

Wengi wanaonifuata wakitaka tovuti ya kuonyesha kazi zao, awe mpiga picha, mshonaji, mwalimu wa tuisheni au mhitimu anayetafuta ajira, huja na swali moja: kuanza ni shilingi ngapi? Kuanza ni rahisi, na wauzaji wanashindana kukurahisishia. Mimi huwaomba tuandike kwanza watakacholipa mwaka wa tatu, kwa sababu huko ndiko tovuti nyingi za watu binafsi zinakofia. Mtu ameshachapisha anwani kwenye kadi zake, wateja wameizoea, halafu inaingia ankara ambayo hakuitegemea.

Anza na domeini, yaani jina lenyewe. Domeini hainunuliwi ikawa yako milele. Unailipia kwa mwaka, na ya .com unaweza kuilipia hadi miaka 10 kwa mkupuo. Majina yote ya .com yanasimamiwa na kampuni moja ya Marekani, Verisign, ambayo Septemba 2024 ilipandisha kiasi inachomtoza muuzaji hadi dola 10.26 kwa kila jina kwa mwaka. Kwa hiyo ukiona tangazo la .com kwa dola moja, elewa kwamba muuzaji anauza kwa hasara na anatarajia kuifidia mwaka wa pili. Bei ya kulipia upya huwa imeandikwa, ila kwa herufi ndogo, chini kabisa. Itafute. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye bajeti yako, ile ya tangazo iache.

Kama wateja wako wako Dar, Mwanza au Mbeya, mimi napendelea jina la nyumbani: .co.tz kwa biashara, au .me.tz kwa mtu binafsi. Kenya wana .co.ke na .me.ke. Sababu yangu kubwa ni kwamba unalipa kwa shilingi, kwa simu, kwa muuzaji unayeweza kumpigia. Bei ya dola haitabiriki. Mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,700 za Tanzania, kisha ikashuka kuelekea mwisho wa mwaka. Tofauti ya shilingi 300 kwa dola inaonekana ndogo, lakini kwenye ankara ya dola 120 ni shilingi 36,000, na hiyo ni hela ya mtu. Ukilazimika kulipa kwa dola, piga hesabu kwa kiwango cha juu, si cha siku hiyo. Angalia pia kodi: wapo wauzaji wa nje wanaoongeza VAT unapofika hatua ya kulipa, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, wakati bei ya kwenye tangazo haikuitaja.

Hostingi, yaani nafasi kwenye seva ambako mafaili yako yanakaa, ndiyo inayomeza pesa nyingi, na ndiyo wengi wanayoweza kuikwepa kabisa. Tuseme umeona dola 3 kwa mwezi. Ukifika kulipa unakuta bei hiyo ni ya anayelipia miezi 48 kwa mpigo, kwa hiyo unatakiwa kutoa dola 144 leo. Ukitaka mwezi kwa mwezi, bei inapanda. Na ile miezi 48 ikiisha, punguzo nalo limekwisha. Sisemi usilipe. Nasema uulize kwanza kama unaihitaji.

Tovuti yenye kurasa chache, picha za kazi zako, maelezo mafupi na namba ya simu haihitaji hostingi ya kulipia. GitHub Pages, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi tovuti, inakuwekea tovuti ya namna hiyo bure. Mwisho wa ukubwa ni GB 1, na kiasi kinachosomwa na wageni kinatakiwa kisizidi kama GB 100 kwa mwezi, nafasi ambayo mpiga picha anayeanza hawezi kuimaliza akipunguza ukubwa wa picha zake. Cloudflare Pages nayo ina huduma ya bure. Zote mbili zinakubali domeini yako mwenyewe, kwa hiyo mgeni haoni tofauti yoyote. Unacholipa ni kujifunza: HTML kidogo, lugha ya kuandikia kurasa, na CSS kidogo, ya kuzipamba. Najua wengi hapa wanaogopa, lakini maarifa hayo yakishakuingia hakuna anayekutumia ankara yake kila mwaka.

WordPress, programu ya kujengea na kuendesha tovuti, ni jambo jingine. Programu yenyewe ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2003, na ukitaka duka au fomu nyingi itakufaa. Lakini ukiiweka mwenyewe inahitaji hostingi, inahitaji kusasishwa mara kwa mara, na themu (mwonekano wa tovuti) na plagini (vipande vya kuongeza uwezo wake) nyingi nzuri zinauzwa kwa leseni ya mwaka. Ziandike moja moja na tarehe zake. Nimeona bajeti ambazo hostingi ilikuwa kitu kidogo, plagini tatu ndizo zilizomshinda mwenye tovuti.

Cheti cha usalama, kile kinachofanya anwani ianze na https, usikinunue. Shirika la Let's Encrypt linatoa vyeti bure tangu mwishoni mwa 2015, na watoa huduma wengi wanakiweka na kukihuisha wenyewe. Anayekuuzia cheti kwa tovuti ya kurasa tano akueleze kwanza sababu. Barua pepe yenye jina lako pia inaweza kusubiri: Cloudflare inaweza kupokea barua za anwani hiyo na kuzielekeza kwenye Gmail yako bila malipo, mradi domeini yako inasimamiwa kwao.

Kuna gharama ambayo haiko kwenye ankara yako lakini naomba uihesabu, ni ya mgeni. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kuwa na MB 4. Ukiweka 30 kwenye ukurasa mmoja, umemla mteja MB 120 za bando kabla hajaona bei yako. Atafunga na kuondoka. Zipunguze hadi KB 200 hivi kila moja na ukurasa wote utakuwa MB 6. Programu ya kupunguza picha, Squoosh kwa mfano, ni ya bure na inafanya kazi ndani ya kivinjari.

Sasa jambo ambalo nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeshuhudia watu wakilipoteza jina walilolijenga. Domeini isajiliwe kwenye akaunti yako, kwa barua pepe yako, na nenosiri uwe nalo wewe. Fundi akisajili kwa jina lake, siku akibadilisha namba au mkikosana, jina limekwenda naye hata kama pesa ilikuwa yako. Ukitaka kulihamisha .com kwenda kwa muuzaji mwingine, kwa kawaida siku 60 za kwanza baada ya kulisajili haliruhusiwi kuhama. Na usipolipia kwa wakati, muuzaji akishalifuta linakaa siku 30 za kukombolewa, kwa ada ambayo huwa mara kadhaa ya bei ya kawaida. Zikipita hizo na siku 5 nyingine, yeyote duniani anaweza kulichukua.

Wengi wetu tunalipa kwa kadi pepe ya kwenye simu, mfano ile ya Visa ambayo Safaricom ya Kenya waliiunganisha na M-Pesa mwaka 2022. Ni nzuri, lakini malipo ya kujirudia yanashindwa kama siku hiyo salio halipo. Weka kikumbusho mwezi mmoja kabla.

Hesabu yenyewe iwe hivi. Chukua .com ambayo kulipia upya ni dola 15. Kwa shilingi 2,700 ni 40,500. Ongeza VAT ya asilimia 18, inafika 47,790. Ukitenga shilingi 4,500 kila mwezi, mwaka unaisha una 54,000 na ankara haikushtui. Kama unamlipa fundi, mwambie akuandikie kazi ya kutengeneza peke yake, domeini peke yake, hostingi peke yake, matunzo peke yake. Fundi anayekupa jumla moja tu anakunyima uwezo wa kujua nini kitarudi mwakani.

Na kama tovuti yako itachapisha habari na matukio, nenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, uulize kuhusu leseni kabla hujalipia chochote. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaja nyingine 2020, zikarekebishwa 2022, kwa hiyo usitegemee alichokwambia rafiki. Mpiga picha anayeonyesha harusi alizopiga hayuko kwenye kundi moja na mwenye chombo cha habari.

Ukibakiwa na hela baada ya hayo yote, ongeza miaka kwenye domeini kwanza. Themu ya kulipia isubiri.