Watoto wa Babeli ni akina nani?

SWALI: Mwalimu, salamu sana. Kwa felowshipu yetu hapa Umoja tulikuwa tunasoma Zaburi 137, kufika mstari wa 9, ule wa heri atakayewashika watoto wa Babeli awaponde mwambani, watu wote kimya. Kiongozi akasema eti huo ni mfano tu wa kusafisha moyo, tukaenda chai. Mimi na katoto kangu ka miezi 5 mgongoni sikuridhika. Mfano wa nini? Ama alitukwepa? – Mama Mchanga

JIBU: Mama Mchanga, hata mimi hiyo chai ingenikwama. Kiongozi wenu hajakosea, amekimbia tu. Hiyo zaburi kwanza ni kilio cha mateka, Babeli ilibomoa Yerusalemu pamoja na hekalu karibu mwaka 586 kabla ya Kristo, na ukisoma Maombolezo 2 utaona watoto wanazimia kwa njaa barabarani, kwa hivyo hiyo hasira ni ya ukweli na mtu asikufutie.

Sasa mfano. Origen wa Alexandria, mwalimu wa kanisa la kale huko Misri, karne ya 3, alisema Babeli maana yake vurugu, watoto wake ni yale mawazo mabaya ndio yanazaliwa moyoni, na mwamba ni Kristo, kama Paulo alivyosema kwa 1 Wakorintho 10:4. Na usidhani Origen alijitungia hii njia, Paulo mwenyewe kwa Wagalatia 4 anasoma Hajiri na Sara kama maagano mawili.

Juzi nikiwa kwa matatu ya Jogoo Road makanga alikatalia chenji yangu, shilingi 20 tu. Pale Muthurwa kalikuwa kawazo kachanga kabisa, ka kulia-lia. City Stadium kameota meno. Kufika Donholm nilikuwa nimemtukana kimoyomoyo yeye, na mamake, na watu wa kwao wote, na mimi ndiye mwalimu wa Biblia! Hako ndiko ka kupondwa, na ni Muthurwa, sio Donholm.

Lakini chunga. Ukisoma hivi halafu Babeli ikawa ni mama mkwe ama yule jirani wa ploti, umepotea, hiyo Babeli iko ndani yako wewe. Na mwambie kiongozi mrudie huo mstari wiki ijayo, kabla ya chai.