Maswali na majibu: mgeni wa ndege akifika kijijini

Tangu tugusie utalii wa kuangalia ndege, barua zimekuja kutoka sehemu ambazo hata basi halifiki. Nimezifupisha, na zilizouliza jambo moja nimeziweka pamoja.

Tuko pembeni mwa misitu ya Udzungwa, upande wa Kilolo. Simba hatuna, na wanyama tulionao kazi yao ni kula mahindi yetu. Mgeni aiache Mikumi aje huku kufuata nini? (Mwalimu, Kilolo)

Aje kufuata kwale, Mwalimu. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika misitu hiyo hiyo yenu. Inasimuliwa kwamba kilichowashtua kwanza ni miguu ya ndege ndani ya sufuria ya mboga, miguu ambayo hakuna kati yao aliyeitambua. Ndege mwenyewe alikuja kupewa jina la kisayansi mwaka 1994, na wataalamu walizidi kushangaa walipoona kwamba anafanana zaidi na kwale wa misitu ya Asia kuliko hawa wetu wa mashambani. Aliyemtega nadhani hakushangaa hata kidogo.

Sasa mtu wa ndege ni mgeni wa aina yake. Simba keshamwona, pengine mara kadhaa. Anatembea na orodha, na kinachomkosesha usingizi ni wale ambao hajawawekea alama. Kwenye orodha hiyo Udzungwa ina nafasi kubwa: yupo kwale huyo, yupo chozi, kale kandege kanakofyonza maua, mwenye mabawa mekundu-kahawia aliyetambuliwa na sayansi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wengine wa misitu ya milimani. Ili awaone inabidi apite vijiji kama Udekwa, apande kwa miguu mpaka Ndundulu na alale msituni. Simba anaonekana mgeni akiwa kwenye kiti cha gari, lakini kwale wenu anahitaji wabeba mizigo, mpishi na mtu wa kutangulia mbele. Hapo ndipo penye fedha yenu.

Ila niseme wazi, msitegemee misururu ya magari kama Ngorongoro. Ni vikundi vidogo, vichache kwa mwaka, na masika njia ikiwa utelezi hawaji kabisa. Mahindi endeleeni kulima.

Mfadhili ametuahidi fedha za kujenga loji. Kamati imegawanyika. Wewe ungeshaurije? (Mwenyekiti wa kamati, hakutaka tutaje wilaya)

Msijenge. Najua jibu hili halitamfurahisha fundi wala aliyekwisha kuchora ramani.

Mgeni wa ndege halipii kitanda, analipia uhakika wa kumwona ndege. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi anataka awe tayari porini, maana ndege wa msituni huimba sana mapambazuko, na ikifika saa nne wamenyamaza. Loji nzuri isiyokuwa na mtu anayejua ndege alipo ataiacha baada ya usiku mmoja, halafu akawaambie wenzake. Mkeka wa hema na mwongozaji mwenye masikio, atakaa siku nne. Na jengo lina bati la kukarabati, mlinzi wa kulipa na godoro la kuota ukungu hata miezi ambayo hakuna mgeni.

Mwombeni huyo mfadhili abadili fungu: darubini nzuri mbili au tatu (zile za 8x42, yaani zinazokuza mara nane, zinatosha; zinazokuza zaidi zinatikisika mkononi), vitabu vya ndege wa Afrika Mashariki, na gharama za kuwapeleka vijana wawili wakakae na waongozaji wazoefu mahali pengine. Kinachobaki kijenge choo safi chenye mlango unaofungwa, sehemu tambarare ya hema na banda la kupikia. Mama mmoja ajue kwamba chai, maji yaliyochemka na viazi vitamu vinatakiwa saa kumi na moja alfajiri bila kukosa. Loji isubiri mpaka wageni waanze kugombania nafasi.

Shikamoo. Nina miaka 22, niko Magarini, kaunti ya Kilifi. Nawajua ndege wa kwetu kwa sauti na kwa majina ya Kigiriama, kwa sababu utotoni nilikuwa nawatega. Kiingereza changu ni cha darasa la nane. Naweza kuwa mwongozaji?

Marahaba, mwanangu. Wewe umeshavuka sehemu ngumu. Sauti hazifundishwi kwa wiki mbili, majina ya Kiingereza yanafundishika.

Jirani zako wa msitu wa Arabuko-Sokoke ni ushahidi. Kule kuna bundi mdogo, urefu wake kama sentimita 16, ambaye mchana hujibanza kwenye kichaka na kufanana na jani kavu. Mgeni anaweza kupita hatua mbili kutoka kwake asimwone. Waongozaji wa pale huingia vichakani, wakakagua matawi anayopenda kulala, kisha wakarudi kumchukua mgeni kimyakimya. Watu wanatoka Ulaya na Marekani kwa ajili ya dakika hizo chache.

Na huko kwenu Dakatcha kuna habari kubwa zaidi. Yule mnana wa rangi ya njano na nyeusi anayepatikana Kilifi tu, hakuna popote pengine duniani, kwa miaka mingi wataalamu hawakujua anajenga kiota wapi. Mwaka 2013 viota vyake vikapatikana kwenye kinamasi cha Dakatcha. Kwa hiyo usiniambie kwamba unaishi mahali pasipo na kitu.

Anza hivi. Weka daftari: tarehe, mahali, ndege, alikuwa akifanya nini, jina la Kigiriama na la Kiingereza ukilipata. Kwenye simu pakua programu ya Merlin, haina malipo, itakusaidia kufananisha sauti na majina, ila usiiamini kuliko sikio lako. Hubabaika pakiwa na kelele. Kitafute kikundi cha uhifadhi cha Dakatcha au ofisi ya Nature Kenya, shirika la uhifadhi, uombe kutembea nao wanapohesabu ndege. Na Kiingereza kinachohitajika porini ni kifupi: kulia, kushoto, juu ya tawi lile, subiri, ameruka. Mengine utayaokota njiani.

Hayo ya kutega usiyaonee haya mbele ya wageni. Ila mitego iwe imeachwa kweli, maana mgeni mmoja akiona tundu lenye ndege nyuma ya nyumba yako, habari itatangulia kufika kwao kabla yake.

Mwongozaji wetu hupiga sauti ya ndege kwenye simu mpaka ndege atokee. Wageni wanafurahi. Kuna ubaya?

Upo. Ndege anadhani ameingiliwa na mpinzani kwenye eneo lake, anaacha kulisha makinda anakuja kupigana na simu. Mara moja, kwa sekunde chache, haimuui. Kila kikundi, kila asubuhi, penye jozi ile ile, mwisho anahama au anazoea na kuacha kujibu, na hapo mmepoteza mtaji. Wakati wa viota msipige kabisa, na kwa ndege adimu pia.

Huku kwetu Pemba watu wanalalamika: mgeni anasimama njiani na darubini kaielekeza nyumbani kwa watu. Halafu anamtafuta bundi! Wazee wanauliza hawa wana nia gani. (Msomaji, Micheweni)

Wazee wana haki. Uani kuna wanawake wanapika na wanaoga, na mtu mzima kasimama anachungulia kwa darubini. Hata ningekuwa mimi ningetoka na mwiko. Kabla ya mgeni kuingia mtaani, mwongozaji apite kwa sheha, na njia za ndege zipangwe zisipite nyuma ya nyumba. Kanga au shati la kujifunika mgeni aambiwe tangu siku anapoandika kuomba kuja, si pale mlangoni. Karibu na makazi, darubini ishuke kifuani.

La bundi ni gumu zaidi, kwa sababu kwetu ni uchuro na wengi tumekua tukimrushia mawe. Lakini Pemba ina ndege wanne wasiopatikana kokote duniani isipokuwa kisiwani humo: ninga, chozi, kijindege chenye duara jeupe kuzunguka jicho, na bundi mdogo. Mgeni anayekwenda msitu wa Ngezi anawataka wote wanne. Sisemi wazee waache imani yao kwa sababu ya dola. Uganda, kwenye kinamasi cha Mabamba, wavuvi walikuwa wakimuua yule korongo mwenye mdomo mkubwa kama kiatu kwa kuamini kwamba ukimwona asubuhi hupati samaki. Leo wenye mitumbwi pale hupokea malipo kuwapeleka wageni wakamtazame. Waliona wenyewe nani analipwa. Anzeni na bundi walioko ndani ya msitu, wale wa juu ya paa waacheni kwanza.

Kampuni huleta wageni na mwongozaji wake. Kijana wetu anatangulia siku nzima, jioni anapewa shilingi 10,000. Kijiji hakipati kitu. Tufanyeje? (Wajumbe wa kijiji, Muheza)

Kwanza jueni fedha inapita mifuko gani. Kiingilio cha hifadhi ya Amani kinakwenda TFS, wakala wa serikali wa misitu, na hicho hamkipangi ninyi. Kampuni inamtoza mgeni kwa siku kiasi ambacho nikikiandika hapa mtanuna. Kijana wenu ndiye anayeonyesha alipo yule ndege mdogo wa mdomo mrefu ambaye duniani anajulikana Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji tu. Yaani anauza kitu ambacho kampuni haina, tena kwa bei ya kubeba maji.

Wekeni bei ya siku, iandikwe kwenye ubao na kwenye barua kwa kampuni zote, si kwa maelewano ya getini. Mwongozaji alipwe yeye mwenyewe jioni ile ile. Ada ya kijiji iwe kitu cha pembeni, yenye risiti, iende kwenye akaunti na isomwe kwenye mkutano mkuu pamoja na mapato na matumizi. Mkichanganya hizo mbili, kijana atasubiri kamati ikae ndipo ale, na mwezi ujao atakubali 10,000 za kificho.

Na kama mna msitu ndani ya ardhi ya kijiji, Sheria ya Misitu ya 2002 inawaruhusu kuutenga uwe hifadhi ya kijiji. Humo ada mnapanga wenyewe. Afisa misitu wa wilaya ana utaratibu wake. Msimwachie mtendaji peke yake, nendeni watu watatu.

Kuna wanaotaka kazi yote iwe kwa zamu ili kila ukoo upate. Kwa wabeba mizigo na wapishi, sawa, zamu ni haki. Kwa mwongozaji siungi mkono. Mgeni akipangiwa asiyejua ndege kwa sababu tu ni zamu yake, mmepoteza wote. Haki itafutwe kwenye ada ya kijiji. Kule Mida, Kilifi, mapato ya daraja la kamba na mbao lililopita juu ya mikoko yamekuwa yakilipia karo ya sekondari ya watoto wanaoishi kando ya Arabuko-Sokoke, chini ya mpango wa ASSETS. Mzazi ambaye hajawahi kushika darubini anajua kwa nini mikoko ile isikatwe.

Tumejipanga, vijana wamefunzwa, lakini hakuna anayekuja. (Barua tatu)

Msichapishe vipeperushi. Watu wa ndege kabla ya kukata tiketi hufungua eBird, tovuti ya kuandikia ndege walioonekana, waone nani kaona nini, wapi, lini. Kijana wenu afungue akaunti, ni bure, na kila akitoka porini aingize orodha yake kwa jina lile lile la eneo. Mahali panapokaa kimya mwaka mzima hakuna anayepafuata; penye orodha za kila wiki watu huuliza njia. Kiota cha ndege adimu na kichaka anacholala bundi msiviweke wazi, semeni msitu tu. Kisha pawe na namba ya simu ya mtu anayeshinda kijijini penye mtandao na anayepokea. Isiwe ya mwenyekiti ambaye wiki nzima yuko mjini.